Kumsindikiza Mzee Makaoni

Lugha ya Kiswahili ina maneno mengi ya kumtoa mtu nyumbani. Mwali hutolewa, bibi arusi hupelekwa, mgeni husindikizwa, maiti huchukuliwa. Kila tendo kati ya hayo lina watu wake, vyombo vyake, maneno yake na siku zake, hata mtoto mdogo akiuona msafara unapita njiani aweza kusema ni msafara wa nini. Kumtoa mzee nyumbani na kumpeleka kwenye makao ya wazee, hata hivyo, hakujapata desturi yake. Aghalabu hufanywa kimyakimya na mtu mmoja tu, mpwa au mjukuu au hata jirani, saa ambayo watu wengine wa mtaa wamekwenda kazini au shambani. Mzee huchukua mfuko mmoja. Hakuna anayeimba, hakuna anayelia kwa sauti, na yule aliyempeleka akirudi huulizwa maswali ambayo hawezi kuyajibu bila ya kuinamisha kichwa.

Makala haya yanahusu tendo hilo. Hayakusudii kuhukumu kama ni vema au ni vibaya kumpeleka mzee makaoni, maana hukumu hiyo haiwezi kutolewa na mtu asiyejua nyumba ya mwenziwe ina vyumba vingapi na nani anayebaki humo mchana. Yanakusudia kuonyesha kwamba makao ya wazee katika nchi yetu yana historia; kwamba historia hiyo ndiyo iliyoyapa sifa ya kuwa mahali pa watu wasio na watu; na kwamba wale waliozeeka ugenini kabla yetu, katika makao hayo na nje yake, walituachia njia za kumfanya mgeni awe ndugu. Anayempeleka jamaa yake makaoni leo atazihitaji njia hizo.

Mazungumzo ya namna hii huanza mara nyingi kwa kusema kwamba katika Afrika ya jadi hakuna mzee aliyekosa pa kukaa. Mwalimu Julius Nyerere, katika kijitabu chake cha mwaka 1962 juu ya Ujamaa, alieleza kwamba mzee aliyeonekana kukaa tu bila ya kufanya lolote alikuwa amekwisha fanya kazi yake katika ujana, na kwamba mali iliyoonekana kuwa ni yake alikuwa nayo kwa sababu ya ukubwa wake katika jamii. Picha hiyo ni ya kweli kwa mzee aliyekuwa na ukoo. Lakini ukoo ni kama ua wa makuti: huwasitiri walio ndani na kuwaacha walio nje. Nje ya ua alikuwako mtumwa aliyenyakuliwa utotoni. Alikuwako mpagazi aliyeugua njiani. Alikuwako mwenye ukoma aliyejengewa kibanda pembeni mwa kijiji, na kikongwe aliyeshukiwa uchawi kwa sababu macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa jikoni. Na dhuluma hii ya mwisho bado haijatutoka. Historia ya makao ya wazee ni historia ya watu hao wa nje ya ua.

Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamud bin Muhammad wa Zanzibar alitia saini amri ya kuifuta kisheria hali ya utumwa katika Unguja na Pemba. Miongoni mwa hoja zilizokuwa zimetolewa na maofisa wa Kiingereza waliotaka jambo hilo liende polepole ilikuwamo hii: kwamba watumwa wazee watatupwa, kwa kuwa bwana asiyepata kazi hataona sababu ya kutoa chakula. Hoja hiyo iliwafaa sana wenye mashamba ya karafuu, nasi yatupasa kuisoma kwa tahadhari. Swali lililokuwamo ndani yake, hata hivyo, lilikuwa la kweli. Mtu aliyetekwa akiwa mtoto karibu na Ziwa Nyasa, akachuma karafuu kwa miaka 40, angekwenda kwa nani? Jina la kijiji chake alikuwa amelisahau, au alilikumbuka kwa matamshi ya kitoto. Kwa desturi za pwani bwana ndiye aliyetazamiwa kumnunulia sanda. Uhuru ulimpa haki ya kuondoka, lakini haukumpa mtu wa kumzika.

Nje kidogo ya mji wa Unguja, huko Walezo, mahali ambapo siku hizi huitwa Welezo, wamisionari wa Kikatoliki waliwatunza wakoma na maskini, nayo Serikali ya kikoloni ikatoa fedha za kusaidia kazi hiyo. Watu walipaita nyumba ya maskini. Misaada mingine ilikuwako mjini: nyumba za wakfu, ambazo matajiri waliziacha kwa ajili ya jamaa zao na mafukara, na ambazo zilisimamiwa na tume maalumu tangu mwanzoni mwa karne ya 20, misikiti, na majirani wenye huruma. Lakini mwenye kupata chumba cha wakfu aghalabu alikuwa na mtu wa kumsemea. Aliyekwenda Walezo ndiye ambaye hakuwa na mtu wa kumsemea. Toka siku hizo, katika fikira za watu, kuingia makaoni kukawa ni ushahidi wa kukosa ukoo, na ndiyo sababu mwenye ukoo anayempeleka mzee wake huko leo huona kama kwamba anatangaza hadharani kuwa ukoo wake umekufa.

Huku bara, watu walioishi mbali na kwao walikuwa wamekwisha kulikabili swali hilo hilo kwa namna nyingine. Wapagazi wa Kinyamwezi walioshuka Bagamoyo na pembe za ndovu katika karne ya 19 walikuwa maelfu kwa maelfu, na wengi wao hawakurudi. Mnyamwezi aliyefia Uzaramo hakuwa na kaka wala mjomba karibu, lakini alikuwa na mtani. Mtani Mzaramo alishika jembe akachimba kaburi, akashughulika na maiti, akala chakula cha matanga na kuwafanyia mzaha wafiwa pale pale penye msiba, na hakuna aliyethubutu kumkasirikia. Sisi tuliosoma shuleni tumezoea kuutaja utani kama michezo ya kutukanana kwa furaha. Yafaa tukumbuke kwamba mzaha ule ulikuwa ni ganda tu. Kiini chake kilikuwa ahadi ya kuzikana.

Vivyo hivyo katika miji. Vyama vya ngoma ya beni, hasa Marini na Arinoti, vilivyoenea Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 na baada yake, vilichekwa na Wazungu kwamba ni kuiga bendi za askari. Wenye vyama hivyo walikuwa na vyeo vya fahari na mavazi ya kijeshi, ni kweli. Lakini pia walichangiana mmoja wao alipougua, na alipofariki walimzika kwa heshima. Vyama vya watu wa kabila moja vilivyofuata mijini, Dar es Salaam na kwingineko, vilifanya kazi hiyo hiyo bila ya ngoma. Mtu aliyekuja mjini peke yake alijua kwamba akitoa mchango wake kila mwezi hatazikwa kama mbwa. Jambo hilo lilikuwa na thamani kwake kuliko mshahara.

Kundi lililoingia makaoni kwa wingi zaidi katika Tanga na Morogoro lilitokana na mkonge. Zao hili lililetwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na mashamba yake yalihitaji watu wengi kuliko waliopatikana karibu. Wakaletwa vibarua kwa mkataba kutoka Njombe, Songea, Kigoma, Rwanda, Burundi na Msumbiji, na kwa kuwa kila mmoja alitambuliwa kwa namba yake watu wakawaita manamba. Tangu mwaka 1944 wenye mashamba walikuwa na ofisi yao ya pamoja ya kuwatafuta na kuwasafirisha vibarua, iliyojulikana kwa jina la SILABU. Mkataba ulikuwa wa muda, na wengi walirudi makwao. Wengine waliongeza muda, kisha wakaongeza tena.

Tumfikirie mmoja wao, Mbena aliyepandishwa lori kijana mwaka 1952 akaletwa Muheza. Alikata majani ya mkonge, akamaliza vipande vyake vya siku 30, akatuma fedha nyumbani kwa miaka michache, kisha akaacha kutuma kwa sababu wazazi walifariki na barua zilikoma. Mwaka 1964 nchi yetu ilitoa karibu tani 230,000 za mkonge, nayo iliongoza duniani. Baada ya hapo nyuzi za viwandani zikaiangusha bei, mashamba yakapungua, mengine yakawa msitu. Mbena wetu akabaki katika chumba cha kambi ambacho hakikuwa chake, kando ya shamba ambalo halikuwa na kazi. Kwao hakurudi kwa sababu iliyo rahisi kueleweka na ngumu kusemwa: mtu aliyeondoka kutafuta mali haoni vema kurudi na mkongojo. Huyo akiingia makao ya wazee, hana wa kumsindikiza ila jirani wa kambini, naye huwa Mrundi au Mmakonde aliyezeeka pamoja naye.

Chanzo cha tatu ni ukoma, nami nitakipitia kwa haraka. Kabla ya dawa kupatikana, wagonjwa walitengwa katika vijiji vyao wenyewe. Dawa za dapsoni zilipoenea katika miaka ya 1950, na hasa matibabu ya dawa mchanganyiko yaliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 1982, wengi walipona. Lakini vidole vilivyokatika havikurudi, wala wake na waume waliokwisha kuoana na wengine. Wakabaki pale pale. Ndiyo maana katika baadhi ya makao, kama vile Nunge huko Kigamboni na Bukumbi mkoani Mwanza, wazee wasio na jamaa na watu waliopata kuugua ukoma wamekaa pamoja kwa miaka mingi.

Hapa pana neno la kuangaliwa. Kwa muda mrefu mahali hapa paliitwa kambi ya wazee. Kambi ni mahali pa askari, pa manamba, pa wasafiri waliotua mizigo yao kwa usiku mmoja. Haijapata kuwa neno la mahali ambapo mtu anaishi. Serikali ilifanya vema kuanza kuandika makao au makazi, ingawa ulimi wa watu haujaacha kambi. Mwalimu anayesoma makala haya na wanafunzi aweza kuwauliza: je, neno gani lingetumika kama mahali hapo pangebuniwa na wazee wenyewe?

Baada ya Uhuru fikira zilibadilika, angalau katika maandishi. Azimio la Arusha la mwaka 1967, lililosisitiza kwamba kila mtu aishi kwa jasho lake, liliwatoa katika sharti hilo watoto wadogo, wazee wasiojiweza na vilema. Huko Visiwani, Serikali iliyotokana na Mapinduzi ya Januari 1964 chini ya Mzee Abeid Amani Karume ilichukua jukumu la wazee wasio na watu. Makao ya Sebleni mjini Unguja ni ukumbusho wa siasa hiyo, pamoja na Welezo, ambayo ilitoka mikononi mwa misheni ikawa ya Serikali, na Limbani huko Pemba. Mwaka 2016 Zanzibar ilianza kumlipa kila mkazi aliyefikisha miaka 70 pensheni ya shilingi 20,000 kwa mwezi, ambayo baadaye iliongezwa. Tanzania Bara ilipata Sera ya Taifa ya Wazee mwaka 2003. Sera hiyo inaiweka familia mbele kuwa mtunzaji wa kwanza wa mzee, na makao kuwa hatua ya mwisho. Kwa hiyo ofisa wa ustawi wa jamii anayepokea ombi la kumwingiza mzee katika makao ya Serikali huuliza kwanza: hana watoto? hana ndugu? hana mtu yeyote?

Sera hiyo ina hekima yake, na umaskini wetu hauruhusu nyingine. Lakini ina jambo moja linalonisumbua. Inamlazimisha anayemleta mzee athibitishe kwamba mzee hana mtu, ilhali yeye mwenyewe amesimama pale, naye ni mtu. Mpwa huyo, ambaye amekaa na mjomba wake miaka mitatu katika chumba kimoja cha kupanga na watoto wanne, hujikuta akijikana ili mjomba apokelewe. Akitoka hapo huona kwamba amekwisha kujitoa katika undugu kwa maneno yake mwenyewe, na asiporudi tena mara nyingi sababu ni aibu hiyo, wala si ugumu wa moyo. Zipo pia nyumba za watawa na za mashirika ya dini, ambazo zina taratibu zao, na humo masharti hulegea kidogo. Aibu ni ile ile.

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Watanzania milioni 61.7, na katika hao wenye miaka 60 na zaidi walikuwa zaidi ya milioni 3. Sehemu iliyo ndogo sana ya hao imo makaoni. Lakini vijana wanazidi kwenda mijini, nyumba za mijini ni za kupanga, na binti aliyekuwa akibaki na bibi siku hizi yuko shuleni au kiwandani, mahali ambapo hakuna mtu angependa aondolewe. Watu wenye jamaa wataendelea kuingia mahali palipotengenezwa kwa ajili ya wasio na jamaa. Basi tuulize: wakiingia, msindikizaji afanye nini?

La kwanza ni kusema kweli. Kuna tabia ya kumwambia mzee kwamba anapelekwa hospitali, au kwamba anakwenda kupumzika mpaka mvua ziishe. Hutendwa kwa huruma, na ndiyo huruma mbaya kuliko zote, maana mzee aliyedanganywa hafungui mfuko wake. Hukaa karibu na lango na nguo zake zikiwa zimefungwa, akingoja mvua ziishe. Hawezi kufanya urafiki na mwenye kitanda cha pili, kwa kuwa yeye ni mpita njia. Zamani ukoo ulipotaka kuamua neno kubwa uliketi, na mwenye kuhusika akaketi nao; mzee aliyeamua mahari za watoto na mipaka ya mashamba hastahili kuamuliwa makazi yake kama mzigo wa nazi. Katika kikao hicho litatajwa na suala la mali, hata kama ni kiwanja cha kibanda kimoja: nani atakaa humo, nani atashika funguo, nani atachuma minazi. Lisipotajwa mbele ya mashahidi, mzee ataamini mpaka kufa kwake kwamba alitolewa ili nyumba ichukuliwe, na pengine atakuwa hakukosea.

Desturi za arusi zinatufundisha jambo la pili. Bibi arusi wa pwani hakupelekwa kwa mumewe akaachwa mlangoni. Alikuwa na somo wake, mwanamke mtu mzima aliyekwenda naye, akakaa karibu katika zile siku saba za fungate, akasema kwa niaba yake yale ambayo mgeni haoni haya tu bali pia hajui ya kuyasema: kwamba huyu hali kitu fulani, kwamba usingizi wake ni mwepesi, kwamba akinyamaza hana maana ya kukasirika. Mzee anayeingia makaoni anahitaji somo wa namna hiyo. Msindikizaji akiweza kurudi kila siku kwa siku saba za mwanzo, hata kwa muda wa kunywa chai tu, mzee atakuwa na mtu wa kumfasiria mahali pale. Watunzaji wataambiwa kwamba Mzee wa Kihaya asipoona ndizi sahanini hujiona kuwa hajala, hata akiwa ameshiba ugali. Kwamba bibi huyu hawezi kuoshwa na mwanamume. Kwamba babu huyu sikio lake la kushoto halisikii, basi asidhaniwe kuwa ana kiburi.

Tena kuna jina. Mwanamke aliyekaa mtaani miaka 50 haitwi jina lake. Ni Mama Asha, kwa sababu ya mtoto wake wa kwanza, au ni Bi Mkubwa, au ni bibi wa watu fulani. Mwanamume ni Baba Juma, au fundi, au mwalimu, au nahodha. Makaoni wote ni babu na bibi. Maneno hayo ni ya heshima, lakini yanapokuwa ya kila mtu hayamtaji mtu yeyote. Asha mwenyewe hajulikani pale, kwa hiyo Mama Asha hayupo. Kazi ya msindikizaji ni kumleta Asha makaoni, kama si kwa miguu basi kwa maneno: kumwambia mtunzaji na jirani wa kitanda, "Huyu ndiye Mama Asha, alikuwa fundi wa mikeka, na Asha yuko Tabora." Kitu kimoja cha kazi ya mtu kina nguvu kuliko shuka mpya: ukili uliokwisha anzwa kusukwa, tasbihi, kigoda chake, redio yake ndogo, sindano za fundi nguo. Wapo watakaosema kwamba vitu hivyo ni takataka za kujaza chumba. Nadhani wasemao hivyo hawajapata kukaa mahali ambapo hakuna kitu hata kimoja kinachowajua.

Na kuna lugha. Kiswahili kimetuunganisha, na katika makao ya wazee ndicho kinachomwezesha Mbena kuzungumza na Mrundi. Bila ya hicho makao yangekuwa ya mabubu. Lakini uzee una tabia ya kurudi nyuma. Mtu aliyesema Kiswahili kwa miaka 60 huanza kuota kwa lugha ya mama yake. Mtunzaji akijifunza kusema kamwene kwa Mbena, mwangaluka kwa Mnyamwezi asubuhi, na shikamoo kwa wote, hatakuwa amevunja umoja wa taifa. Msindikizaji aulize siku ile ile ya kwanza: humu ndani yuko nani wa kwetu? Kama hayuko, yuko mtani wetu? Wazee waliokutanishwa na utani huanza kutukanana kabla ya chakula cha jioni, na hapo mgeni amekwisha kuwa na mahali.

Nimeliacha mwisho swali lililo la kwanza katika moyo wa mzee, ambalo vijana huona haya kulisikia: nitazikwa wapi, na nani? Mwenye kumsindikiza mzee husema, "Mzee, usiseme habari za kufa, utaishi." Maneno hayo hayamtulizi. Huyo ni mrithi wa watu waliopiga ngoma na kutoa michango na kuvumilia matusi ya watani ili wapate jibu la swali hilo. Anataka kusikia kwamba jina la mtu wa kuitwa limeandikwa, na kwamba mtu huyo amekubali. Kama ni Mwislamu anataka kujua nani atamwosha na sanda itatoka wapi. Kama ni Mkristo, nani atamwita kasisi au mchungaji. Na kama yeye ni wa bara, iwapo atarudishwa penye makaburi ya baba zake au atalala pale pale. Jibu laweza kuwa kwamba atalala pale pale, kwa kuwa nauli ya maiti ni fedha nyingi. Wazee wengi hulikubali jibu hilo, maadamu limesemwa na mtu wao, waziwazi, naye akaongeza ni nani atakayesimama kaburini. Nimewaona watu wakiogopa kulisema neno hili kwa miaka, na lilipokwisha semwa mzee akaomba chai.

Baada ya hapo zimebaki ziara. Katika siku za Idi, Krismasi na mwezi wa Ramadhani makao hupata wageni wengi: wanafunzi, vyama, makampuni, viongozi. Huleta mchele, sukari, sabuni na mafuta, wazee hupangwa kwenye viti uani, hotuba hutolewa, picha hupigwa. Vitu hivyo vinahitajika sana, na anayewabeza waletaji hajui bajeti ya makao. Lakini hakuna mgeni hata mmoja kati ya hao aliyeuliza kwa jina. Mgeni wa mtu mmoja huja siku ya kazi, na kifurushi cha karanga au ndizi mbili za kuiva, na mlangoni husema, "Nimemfuata Mama Asha." Hukaa naye chini ya mwembe. Bibi huuliza kama mvua zimenyesha, mchele unauzwa bei gani, nani ameolewa, na nani amefariki tangu safari ile ya mwisho. Swali hili huchukua muda mrefu kuliko mengine, kwa kuwa kila aliyefariki hana budi kuelezwa alikuwa mtoto wa nani, aliugua nini, na nani walikwenda mazikoni; na bibi huyataja majina ya wale ambao walipaswa kwenda na hawakwenda.